Afya kazini kwenye karakana ndogo: tuanze na vipimo vya afya?

Muuguzi wa Zamu: Wakuu, kituo chetu kimepewa karakana ndogo za kuhudumia: wachomeleaji, maseremala, wakata mawe. Tabibu ni mmoja, mtaalamu wa afya kazini hatuna. Mpango uliopo ni kupima afya za wafanyakazi wote kila mwaka. Tuanze na hilo?

Mkaguzi: Hapana. Kupima bila kugusa chanzo ni kuhesabu wagonjwa tu. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 161 wa mwaka 1985 unasema kazi kuu ya huduma za afya kazini ni kinga. Piteni karakanani na fundi mwenyewe, tangu malighafi inapoingia mpaka bidhaa inapotoka, mkiandika vumbi, kelele, kemikali, na nani anasimama wapi. Chagueni hatari mbili zinazorekebishika mwezi huohuo. Kwenye rejista ya wagonjwa ongezeni safu ya kazi. Ukiandika "kibarua" hujaandika kitu. Andika "anakata mawe kwa grainda".

Grainda: Wakata mawe kwanza. Chembe za silika, madini yaliyomo kwenye mawe, zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazionekani kwa macho, na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haina dawa ya kuiponya. Kateni kwa maji, yasipungue nusu lita kwa dakika, yaelekezwe pale diski inapogusa jiwe. Wengi humwagia sakafu maji kisha wanakata pakavu, kazi bure. Ila grainda ya kawaida ya umeme msiimwagie maji! Tafuteni mashine iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, iliyounganishwa na swichi inayokata umeme ukivuja. Kufagia pakavu kuishe. Barakoa ni kinga ya mwisho: hata FFP2, barakoa ya kuchuja vumbi laini, ikivaliwa juu ya ndevu huvujisha pembeni. Na mkata mawe akikohoa wiki mbili apimwe TB, maana silika huongeza hatari yake.

Kipimasauti: Kwa maseremala, kelele. Kikomo kinachotumika sana ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2. Kama hamna kifaa, ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye mita moja, chukulia mmeshavuka. Masikio yapimwe kabla ya zamu. Aliyetoka kwenye randa ya umeme masikio yake yamechoka, majibu yatadanganya.

Muuguzi wa Zamu: Asanteni. Mwajiri mmoja anataka apewe majibu ya vipimo.

Mkaguzi: Mpe hitimisho tu: anafaa, au anafaa kwa masharti, na masharti yenyewe. Jina la ugonjwa libaki kwenye faili la kituo. Likivuja mara moja, mwakani hakuna atakayekubali kwamba anakohoa.