Tupeane uzoefu: wiki yako ya kwanza ya kuuza dawa na mkoba

Mgeni_Wandegeya: Nimepata kazi ya urepu, yaani kuzungusha na kuuza dawa za kampuni kwa madaktari na maduka hapa Uganda, naanza Jumatatu. Sampuli nimepewa, tageti nimepewa, gari sijapewa. Waliotangulia, mlianzaje?

Boda_ya_Vidonge: Hongera na pole.

MamaTembe: Umenikumbusha Mbarara. Nilikaa benchi moja na wagonjwa tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane, watu wakiniuliza naumwa nini. Nilipoingia, daktari akashika boksi langu la malaria, ile jamii ya Coartem: "Hizi zinamezwa na chakula au bila?" Nikajibu kifua mbele: bila. "Binti, bila mafuta hazinyonywi vizuri mwilini. Hata maziwa tu. Kasome karatasi iliyo ndani ya boksi lako." Nesi alicheka waziwazi. Niliisoma ile karatasi kwenye basi mpaka Masaka.

Afande_Panadol: Hayo ni ya chekechea. Mimi nilitumwa Arua. Basi la usiku, nikashuka alfajiri, nikaoga gesti, shati jeupe, tai, mkoba mweusi, faili kwapani. Duka la dawa la kwanza, zimebaki hatua kumi nifike, mwenyewe akashusha shata. Nikadhani anakwenda kuswali. La pili, shata. La tatu binti alitokea mlango wa nyuma, chai ameiacha kaunta inafuka moshi. Mtaa mzima! Kumbe kijana wa boda aliyenibeba alishapiga simu: "NDA wameingia, ni mmoja, ana tai." NDA ndio mamlaka ya dawa, wale wakaguzi. Hadi saa saba sijaongea na mtu. Aliyebaki wazi ni bibi mmoja, leseni kaitundika ukutani kwenye fremu kama picha ya harusi. Akanitazama: "Mwanangu, mkaguzi hatoki jasho hivyo. Unauza nini?" Akanivua tai kwa mkono wake. Siku hiyo niliuza boksi mbili za ORS, ile chumvi ya kuharisha, zote kwake.

MtuWaMbale: Nimecheka hadi mke kaamka.

Mfamasia_Halisi: Swali. Mkobani kulikuwa na antibayotiki? Maduka ya dawa leseni yao ni daraja C, yaani dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Amoksilini ni ya famasi. Nyinyi ndio mnaoharibu.

Afande_Panadol: Nimesema ORS, bwana.

Mfamasia_Halisi: Nimeuliza mkoba, sijauliza ulichouza.

Afande_Panadol: Nishushe shata?

Kaka_Soroti: Mdogo wangu, usimwachie mtu mzigo kwa mali kauli. Niliacha katoni 6, niliporudi duka limekuwa saluni. Nilikatwa mshahara miezi mitatu.

MamaTembe: Bila mali kauli utamuuzia nani? Kopesha mwenye jengo lake, usikopeshe mpangaji.

Kaka_Soroti: Huyo wangu alikuwa na jengo. Saluni ni yake!

MtuWaMbale: Jingine: hospitali za serikali zinaletewa mzigo na NMS, bohari ya dawa ya serikali, za misheni nyingi hununua JMS, bohari ya makanisa pale Nsambya, Kampala. Usimalize petroli kumbembeleza mtu wa stoo, hanunui huyo. Nenda famasi iliyotazamana na geti, uliza daktari gani anaandika nini.

Mgeni_Wandegeya: Asanteni wakubwa. Sasa tai nivae au nisivae?

MamaTembe: Kwa daktari vaa, dukani vua.

Boda_ya_Vidonge: Tai ya nini? Nunua koti la mvua.

Afande_Panadol: Yangu yule bibi hajanirudishia hadi leo.