"Belligerently" kwa Kiswahili mnalisemaje?

Mfasiri mchanga:
Habari zenu wanajukwaa. Tangu juzi nimekwama kwenye neno moja. Natafsiri hadithi fupi; mlevi anafungua mlango, anamkuta mgeni, anamwuliza "Who are you?" Mwandishi anaongeza: he asked belligerently. Kamusi inanipa "kwa ugomvi", lakini nikiandika "aliuliza kwa ugomvi" sentensi inalala. Halafu, ni sawa na aggressively? Naombeni msaada.

Msomaji:
Weka "kwa hasira", yatosha.

Kalamu ya Zamani:
Hapana ndugu yangu, hasira ni jambo jingine. Mwenye hasira ameudhiwa, na anaweza kuishia kulia au kununa. Huyu mlevi hajaudhiwa na mtu. Ugomvi haujaanza, yeye ndiye anautafuta. Kiswahili kina neno lake kamili: shari.

Asili ya belligerently ni Kilatini, bellum, yaani vita, na gerere, kuendesha. Ndiyo maana katika sheria za kimataifa nchi iliyo vitani huitwa belligerent, hata kama imevamiwa na inajitetea tu. Ukilikuta huko usiandike "mgomvi", maana hapo halimlaumu mtu. Lakini belligerently ni tabia, na lawama imo.

Aggressively ni pana zaidi. Daktari anaweza kutibu saratani aggressively, maana yake kwa nguvu na bila kusubiri, na hilo ni jema. Belligerently hutalisikia hapo. Jirani yake wa karibu ni pugnaciously, lenye asili moja na pugnus, ngumi.

Sasa tafsiri yenyewe. Nilipoanza kazi hii, kila nilipoona -ly niliweka "kwa". Mhariri mmoja alinirudishia ukurasa akiwa amezungushia duara kila "kwa", na ukurasa mzima ulikuwa maduara. Sijamsahau. Alinifundisha kwamba Kiswahili hupenda kuibeba namna ya tendo ndani ya kitenzi: kufoka, kung'aka, kumjia mtu juu. Ukisema "alimjia juu", nani atauliza alikuwaje?

Na angalia swali lenyewe. "Wewe ni nani?" anaweza kuuliza hata karani mpole. Mlevi wako asingesema hivyo. Angesema "Kwani we nani?" Hiyo "kwani" peke yake imeshakunja ngumi. Mimi ningeandika:

"Kwani we nani?" aling'aka.

Kielezi kimepotea, shari imebaki.

Mfasiri mchanga:
Asante sana mwalimu, nimesoma kwa sauti na namsikia kabisa. Ila mbele kidogo mlevi huyohuyo hasemi kitu: he stared at him belligerently. Hapa sina maneno ya kumwekea mdomoni, na nikiandika "alimkazia macho" naona haitoshi.

Kalamu ya Zamani:
Umeona vizuri. Mtu hukaziwa macho hata na anayempenda, au anayemfananisha na mtu mwingine. Hapa kielezi kina kazi, kiache: "Alimkazia macho kishari." Usikirudie tena ukurasa huo.

Msomaji:
Nami nimejifunza. Ile "kwa hasira" yangu naifuta. Na "kichokozi" je, haifai hapo?

Kalamu ya Zamani:
Inafaa kama anamchezea mgeni ili apandwe na hasira. Watoto hutazamana kichokozi wakaishia kucheka. Huyu yuko tayari kupigana, kwa hiyo kishari.