Malalamiko: Tulioko Mtwara tunauziwa kadi za grafiki kwa jina la boksi, ndani ni chipu za enzi ya 2010

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Ninaishi Mtwara mjini, na kama ilivyo kwa wapenzi wengi wa gemu wa huku, kompyuta yangu ya nyumbani ni mtumba uliotoka ofisini, Dell OptiPlex yenye kasha la kusimama, ambayo pawa saplai yake haina waya wa ziada wa kulisha umeme kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za skrini. Mashine ya namna hiyo inataka kadi inayotosheka na wati 75 zinazopitia kwenye sloti ya ubao mama. Ndiyo maana nilichagua GTX 1050 Ti yenye kumbukumbu ya GB 4, kadi iliyotoka mwaka 2016, ambayo matoleo yake mengi hayahitaji waya mwingine wowote. Sikukurupuka. Nilijua ninachokitaka na nikakitaja kwa jina.

Kwa wasioijua hali ya kusini, katika maduka ya kompyuta ya Mtwara na Lindi utapata flashi, kipanya, wino wa printa na chaja za kila aina, lakini kadi ya grafiki ya kuchezea gemu ni nadra kuikuta, kwa hiyo mnunuzi hulipa kwanza kwa simu, kisha husubiri mzigo upakiwe kwenye basi la kutoka Dar es Salaam. Duka lililoniuzia liko Kariakoo. Muuzaji hakuniuliza nina kompyuta gani wala pawa saplai ya wati ngapi. Alichotaka kujua ni GB ngapi tu, kana kwamba ananipimia mafuta ya taa. Nilipomwomba picha ya kadi yenyewe, alinitumia picha ya boksi.

Boksi lilikuwa sahihi kwa kila herufi. Kadi iliyokuwa ndani ilikuwa na tundu la VGA, lile la zamani la kuchomekea skrini kwa mawimbi ya analojia, na hilo peke yake lilitosha kunitia shaka, kwa sababu chipu za kizazi cha Pascal, ambazo GTX 1050 Ti ni mojawapo, hazitoi kabisa mawimbi hayo. Juu yake kulikuwa na soketi ya pini sita ya kuongezea umeme ambayo sikuwahi kuambiwa habari zake, hata ikabidi fundi aniazime pawa saplai nyingine ili tuweze kuijaribu. Draiva mpya, yaani programu ya kuiendesha kadi, kutoka kwa Nvidia wanaotengeneza chipu hizi, ilikataa kuingia. Iliyokubali ni ile ya zamani iliyokuja na sidii ndani ya boksi. Windows, bila haya, iliendelea kuandika GTX 1050 Ti, kwa kuwa kuna mtu aliyeibadilisha BIOS ya kadi, programu ndogo iliyohifadhiwa ndani yake, ili itaje jina lisilo lake. Tulipofungua GPU-Z, programu inayoitambua chipu yenyewe na ambayo tangu mwaka 2018 imewezeshwa kuzibaini kadi bandia za aina hii, uongo ukaisha: chipu ni GF116 ya familia ya Fermi, familia ambayo kadi zake za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2010 na ambayo Nvidia iliacha kuiandalia draiva mpya za gemu mwaka 2018. Ina viini, yaani vitengo vidogo vya kukokotoa picha, 192, wakati GTX 1050 Ti halisi ina 768. Kumbukumbu yake ni GB 1, si 4, na hapo nikaelewa kwa nini gemu ya mpira ilikuwa ikifungua menyu vizuri kabisa, halafu inaanguka mara tu uwanja unapoanza kupakiwa.

Sasa sikilizeni jibu nililopewa. "Kaka, hiyo ni shida ya umeme wenu wa Mtwara." Umeme wetu una kasoro zake, na asiye na stabilaiza huku anajitakia balaa, lakini umeme unaopanda na kushuka huunguza kadi, haupunguzi viini kutoka 768 hadi 192, wala haumchomozei mtu tundu la VGA. Nilipombana kwa hoja hiyo, akahamia kwenye kibao cha dukani kwake kinachosema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kibao hicho hakiwezi kuifuta Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayouziwa. Risiti aliyonitumia imeandikwa "vifaa vya kompyuta", basi, bila jina la kadi. Sidhani kama hilo lilitokea kwa bahati mbaya.

Watengenezaji nao wasikwepe lawama, kwa maana wao ndio waliowazoesha wauzaji kuficha mambo nyuma ya jina. GT 1030 ya Nvidia ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya kasi ya aina ya GDDR5, na mwaka uliofuata likaletwa toleo la kumbukumbu ya polepole ya DDR4 kwa jina lilelile, ambalo kasi ya kumbukumbu yake imeshuka kutoka GB 48 kwa sekunde hadi chini ya GB 17. GTX 1060 ya GB 3 ina viini 1152, dada yake wa GB 6 ana 1280, na mnunuzi anaambiwa kwamba tofauti ni GB tu. RTX 3050 ya GB 6 ya mwaka 2024 nayo imepunguzwa viini kuliko ile ya GB 8, ingawa hii naitetea kidogo, kwani inatumia wati 70 na matoleo yake mengi yanaingia kwenye mitumba yetu bila waya wa ziada.

Ninachodai ni kidogo sana. Muuzaji anayetaka fedha ya mtu wa Mtwara, Masasi, Lindi au Nachingwea aichomeke kadi kwenye mashine kabla ya kulipwa, apige picha ya GPU-Z inayoonesha chipu, aina ya kumbukumbu na idadi ya viini, kisha jina hilohilo aliandike kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kama yupo humu anayeuza kwa utaratibu huo, aweke bei yake hapa chini, maana bado nahitaji kadi. Atakayeanza kwa kuniuliza GB ngapi, asijisumbue kuniandikia.