Safari ya gari vijijini Malaysia, Desemba, tuko wanne: pwani ya mashariki, milima ya Cameron au magharibi kwenye mpunga?

Mtu wa Ilala

Wakuu, habari za mihangaiko. Naomba ushauri kwa mnaoishi au mliowahi kuishi Malaysia. Tuko wanne, tumesoma pamoja tangu sekondari. Mmoja anamalizia shahada Gombak, nje kidogo ya Kuala Lumpur, sisi watatu tunamfuata mwanzoni mwa Desemba kwa sababu likizo zetu zimekubaliana hapo tu. Minara ya Petronas tutapiga picha siku ya kufika, inatosha. Baada ya hapo tunakodi gari tuzunguke wiki moja, na tunataka vijiji, siyo maduka makubwa.

Mezani kuna njia tatu. Pwani ya mashariki: Kuantan, Kuala Terengganu mpaka Kota Bharu, bahari iko mkono wa kulia safari nzima. Au kupanda Cameron Highlands kwenye chai, kushukia Gua Musang, kurudi kwa Kuala Lipis. Ya tatu kaileta mwenyeji wetu na tukamcheka: kufuata pwani ya magharibi, Sekinchan, Kuala Sepetang, hadi mashamba ya mpunga ya Kedah. Jamani, mpunga si tunao Kilombero?

Madereva tuko wawili. Ipi hapo? Nawasilisha.

Binti Ngamiani

Desemba? Ya kwanza ifute.

Kuanzia Novemba mpaka Februari au Machi mwanzoni ni msimu wa pepo za kaskazini-mashariki. Ni kaskazi hiihii ambayo kwetu Tanga inaleta jua na joto, ila kule inavuka Bahari ya Kusini ya China, inabeba maji yote hayo na kuyamwaga Kelantan, Terengganu na Pahang. Boti za kwenda visiwa vya Perhentian zinasimama, hoteli za visiwani zinafungwa. Na mafuriko si maneno ya kutishana: Desemba 2014 watu zaidi ya laki mbili walihamishwa makwao, Kelantan ndiyo iliyoumia zaidi. Mkienda mtakaa dirishani mnaangalia mvua.

Karani wa Thika

Dada umemkatia mtu tiketi kabla hajapanda. Mimi nimefanya kazi Kuantan na ninasema pwani ile ndiyo Malaysia yenyewe. Ile barabara ya zamani, namba 3, inapita vijiji vya wavuvi kimoja baada ya kingine, minazi hadi ukingoni. Msipite ile ya kulipia inayokata ndani, hapo mtaona michikichi na mabango tu.

Halafu chakula. Asubuhi Terengganu unakula nasi dagang: wali wa nazi uliotiwa uwatu, na mchuzi wa jodari juu yake. Mtu wa Pwani akila hiyo anauliza nani amemfundisha mama yake kupika hivi. Losong, pale Kuala Terengganu, akina mama wanasukuma keropok lekor mbele yako, unga na samaki aliyepondwa, inakuwa kama soseji ndefu ya kijivu. Usiogope rangi. Ikichemshwa ni laini, ikikaangwa inakuwa ngumu kwa nje, unachovya kwenye pilipili ya sukari. Ukivuka kuingia Kelantan kuna wali wa buluu, nasi kerabu, rangi yake inatoka kwenye ua.

Lakini ni kweli, Desemba hapana. Sogezeni likizo iwe Julai.

Abuu wa Muscat

Julai, naam! Julai ndipo doriani. Sie Zanzibar tunajua doriani, lakini ya Raub na Bentong ni habari nyengine. Ile inoitwa Musang King ina jina la Gua Musang hukohuko. Nyama yake ya manjano iliyokoza, kokwa kama limesahaulika kukua. Mnasimama kando ya njia, mwenye banda anagonga tunda kwa upanga, ananusa, anakufungulia, mnakula mumesimama. Shokishoki na duku pia zipo.

Tahadhari moja: msilitie ndani ya gari la kukodi. Harufu haitoki, na mwenye gari atakutozeni. Hoteli nyingi zina kibao mlangoni chenye picha ya doriani imepigwa mstari.

Mtu wa Ilala

Sheikh Abuu umenitamanisha, ila Julai haiwezekani, mwenzetu mmoja ni mwalimu na mwingine ana hesabu za mwisho wa mwaka wa fedha. Ni Desemba au hakuna. Kwa hiyo mashariki imetoka. Vipi hiyo ya milimani? Na kuna mtu kaniambia kuna njia ya Gerik yenye tembo, tukapitie huko?

Dereva wa Sintok

Hapa nina ya kusema, maana nilisoma Kedah na njia hizo nimezipita na malori ya mboga yakiwa mbele yangu.

Cameron ina njia mbili za kupandia. Ya Tapah ni ya zamani, nyembamba, kona juu ya kona, na abiria wa nyuma atatapika, mwandalieni mfuko. Uzuri wake ni kwamba Orang Asli, wenyeji wa msituni, wanauza asali na petai, maharage ya msituni yenye harufu kali, kwenye vibanda, na kuna maporomoko ya Lata Iskandar pembeni mwa lami. Ya Simpang Pulai, kusini kidogo ya Ipoh, ni pana zaidi na ndiyo ningewapa madereva wageni. Kule juu ni kama mita 1,500, mnahitaji sweta. Mashamba ya chai ya BOH yapo tangu 1929, na ukiyaona asubuhi ukungu ukiwa bado bondeni, umeona. Mengine yanakatisha tamaa: vilima vimefunikwa mabanda ya plastiki ya mboga na stroberi, na Jumamosi foleni ya Brinchang, mji mdogo wa hukohuko juu, inaweza kukumbusha Mbagala. Nendeni katikati ya wiki.

Kuendelea mpaka Gua Musang mwezi huo, mimi sishauri. Ni upande wa pili wa safu ya Titiwangsa, yaani mnavuka mlima kuifuata mvua aliyoisema dada Binti. Mwaka ule wa 2014 Gua Musang nayo ilikuwa majini. Na udongo wa milima ile huporomoka.

Sasa Gerik. Barabara ya Gerik kwenda Jeli ilifunguliwa 1982, inakata msitu wa Belum-Temenggor, na mandhari yake sina neno. Lakini ukizoea Mikumi usidhani ni vilevile. Mikumi tembo unamwona kwa mbali nyikani. Hapa msitu unagusa lami, kona inafunguka, mnyama yuko mbele ya boneti. Mei 2025 lori lilimgonga ndama wa tembo njia hiyo, mama yake akakaa palepale akilisukuma lori kwa kichwa; ile video iliyozunguka dunia ni ya hapo. Mwezi uliofuata basi la wanafunzi wa chuo likapata ajali barabara hiyohiyo usiku, wakafa 15. Mchana, kiangazi, dereva hajachoka: nendeni. Desemba kwa ukungu na mvua, na mwisho wake ni Kelantan ileile mliyoikimbia? Mnatafuta nini?

Mwenyeji Gombak

Ndiye mimi niliyechekwa. Ngoja niweke yangu hapa hadharani.

Ile safu ya milima aliyoitaja kaka wa Sintok ndiyo inaikinga magharibi. Mvua haikosekani, lakini mara nyingi ni ya alasiri: ngurumo, inamwaga, inaisha, mnaendelea. Kwa hiyo safari inapangwa asubuhi.

Tukitoka mjini tunashika barabara namba 5 hadi Kuala Selangor. Usiku tunaingia Kampung Kuantan (msiandike "Kuantan" peke yake kwenye Waze, ile ramani ya simu, itawapeleka upande wa pili wa nchi). Mnapanda mtumbwi wa kasia, hakuna injini wala tochi, na mti mzima unawaka na kuzima kwa pamoja kwa vimulimuli. Wanapenda mti mmoja tu, jamii ya mlilana wetu wa mikokoni. Mwezi ukiwa mpevu hamtaona kitu, ndiyo maana nimeng'ang'ania tarehe.

Sekinchan: mpunga umenyooka kama umepimwa kwa rula, bahari nyuma yake, na kijiji cha wavuvi Wachina. Wanalima misimu miwili kwa mwaka. Tunaweza kukuta mashine zinavuna, na ukifika Kedah mpunga bado kijani. Na Mtu wa Ilala, ulipotaja Kilombero nilitaka kukwambia hivi: Kedah walipata misimu miwili baada ya mradi wa maji wa Muda kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo walisubiri mvua kama sisi. Na mfereji wa Wan Mat Saman, ulioanza kuchimbwa 1885, unatoka Alor Setar hadi karibu na mlima Jerai, umenyooka. Nyinyi mlio na shamba Ifakara mtakuwa mnauliza maswali kuliko mimi.

Lakini hoja yangu kubwa ni Kuala Sepetang. Kuna matanuri ya mkaa pale ya matofali na udongo, yamevimba kama vichuguu vikubwa, ndani unasimama wima bila kuinama. Magogo ya mikoko yanakuja kwa mashua wakati maji yamejaa, yanachunwa magome, yanapangwa yamesimama. Kisha moto unawashwa mlangoni, wenyewe haugusi magogo. Joto ndilo linafukuza maji. Fundi hana kipimajoto. Ananusa moshi unaotoka tunduni, anatazama rangi yake, anasema bado au tayari. Tanuri moja linachukua karibu mwezi. Na msitu haujaisha, kwa sababu mikoko ya hapo, msitu wa Matang, inakatwa kwa zamu ya miaka 30: kipande kikikatwa kinaachwa kiote mpaka zamu yake irudi. Wamekuwa wakifanya hivyo zaidi ya miaka mia.

Abuu wa Muscat

Hapo kwenye mikoko umenigusa. Nyumba za zamani huku Ghuba dari zake ni boriti za Lamu na Rufiji, zilikuja kwa majahazi. Sie tulikata tukauza, hatukuwa na zamu. Nendeni Sepetang, na mnipigie picha za hayo matanuri.

Karani wa Thika

Sawa, magharibi imeshinda Desemba, nakubali shingo upande. Lakini chakula cha huko hakifiki Terengganu, hilo silirudishi. Mtajiponya na kahawa nyeupe ya Ipoh. Na mkilala Taiping, bebeni mwavuli hata kukiwa na jua. Ni kati ya miji yenye mvua nyingi zaidi nchi ile.

Binti Ngamiani

Ongezeni Cameron kwa usiku mmoja, si mnapita Simpang Pulai? Pandeni Jumanne, shukeni Jumatano njia hiyohiyo. Na mkifika Kedah kumbukeni wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Mkitaka jumba la makumbusho au ofisi yoyote, ulizeni kwanza siku.

Mtu wa Ilala

Wakuu nimewasikia. Tumekaa kikao usiku huu, kura tatu kwa moja: magharibi, na usiku mmoja Cameron. Aliyepinga ni mwalimu, alitaka tembo. Naombeni mambo ya gari sasa. Tuchukue gari dogo kama Myvi au kubwa zaidi? Na mafuta nasikia ni ya bure?

Dereva wa Sintok

Ya bure hapana, mkuu. Tangu mwisho wa Septemba 2025 bei ya ruzuku ya RON95, petroli ya kawaida, ni ya raia, wanatumia kitambulisho chao. Nyinyi mtalipa bei isiyo na ruzuku, ambayo hata hivyo mtu wa Dar hatalalamika.

Myvi kwa watu wanne inatosha ikiwa mabegi ni madogo. Kwa kupanda Cameron na masanduku yenu ya zawadi, chukueni Alza, ina safu tatu, mnakunja ya nyuma. Usukani uko kulia na mnaendesha kushoto kama nyumbani. Kwenye barabara za kulipia mwisho ni 110, kwenye za kawaida 90, na kamera zipo, faini inamfuata mwenye gari naye atawafuata nyinyi. Hakikisheni gari lina kadi ya Touch 'n Go yenye salio. Noti haipokelewi kwenye vituo vya tozo, na ukikwama pale foleni nzima inakupigia honi. Kila penye R&R, kituo cha mapumziko, kuna choo safi, msikiti mdogo na mama wa nasi lemak, wali wa nazi, kwa hiyo msibebe chakula.

Ukiwa nyuma ya lori la ngazi (mikungu ya matunda) za mchikichi, zile nyekundu zenye miiba, kaa mbali. Huwa zinadondoka.

Karani wa Thika

Na fomu ya kuingilia nchini, MDAC, mnaijaza mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kutua. Mkijaza wiki mbili mapema haikubali. Mkiunganisha ndege Nairobi mkalala, bebeni kadi ya njano ya chanjo.

Mtu wa Ilala

Leseni ya Bongo wataikubali?

Dereva wa Sintok

Chukua ya kimataifa kabla hujatoka, na ubebe zote mbili. Askari akikusimamisha ataomba ya kimataifa, mwenye gari ataomba ile ya nyumbani. Na mwenzako atakayekupokea usukani naye awe na yake, jina lake liandikwe kwenye mkataba wa kukodi, la sivyo bima haimhusu.

Mwenyeji Gombak

Mwalimu hana leseni hata ya nyumbani, msimhesabu. Nimeshaulizia Alza kwa Jumapili mpaka Jumapili, wanataka amana. Tumeni kabla ya Ijumaa.