Jeki ndefu: mpini umenirukia wakati wa kushusha, nakosea wapi?

Mdau_Mikindani: Habari zenu wakuu. Jumamosi nilinasa mchangani Msimbati na Land Cruiser ya mzee, nikatoa ile jeki ndefu ya kupampu kwa mpini, kupandisha fresh kabisa ila kushusha, nimegeuza tu kile kidude cha kubadili kupandisha na kushusha, mpini ukaruka juu ukapita karibu na kidevu nikasikia upepo wake. Sasa naiogopa na wiki ijayo naenda Liwale, mvua ndo hizo. Nakosea wapi?

Dereva_Nachingwea: Pole sana kaka, mshukuru Mungu. Hiyo jeki inavunja watu taya wakati wa kushusha hasa. Mpini ukifika chini uzito wa gari unahamia mkononi kwako na unausukuma mpini juu, mkono ukiwa na jasho au oili basi. Kwahiyo kwanza simamisha mpini wima ugusane na nguzo ya jeki, hapo ndo ugeuze kidude. Shika kwa mikono miwili, simama pembeni, kichwa kisikae kamwe kati ya mpini na nguzo. Ukikuponyoka USIUDAKE, ruka kaa mbali, utapiga wenyewe mpaka gari litue. Na uzito ukibaki kidogo, chini ya kilo 70 hivi, jeki inadondoka moja kwa moja, usiweke mguu pale.

Mama_Korosho: Naongezea, kile kiatu cha jeki, yaani bamba la chini linalokaa ardhini, ni kidogo mno, kwenye mchanga kinazama na jeki inalala upande. Mimi natembea na kipande cha ubao mnene inchi 2. Hendibreki, gia, mawe kwenye matairi mengine, na usiingie chini ya gari hata kuchomoa jani. Ila Msimbati kaka ungeanza na koleo na kupunguza upepo wa matairi hadi psi 18 hivi, mara nyingi jeki hata hugusi.

Mdau_Mikindani: Asanteni sana, kumbe nilikuwa nimeinamia juu ya mpini kabisa. Zile pini mbili zinazopanda tundu kwa tundu zinakwama, nifanyeje? Na bampa ya mbele ni ya plastiki.

Dereva_Nachingwea: Huo ni mchanga umeingia, osha na dizeli na brashi kisha oili nyepesi, fanya hivyo kabla ya safari maana pini moja ikigoma gari likiwa juu ni balaa. Plastiki usiguse, inapasuka na jeki inateleza, tafuta chuma kilichoungwa na chesisi.

Mdau_Mikindani: Poa mkuu, kesho asubuhi naifungua naiosha.