Utando wa kaboni unabanduka nikipandisha volti, nakosea wapi?

kaboni_nyeusi: Wakuu habari, naweka utando wa kaboni kwa plasma ya methani juu ya silikoni. Kwa bayasi (volti hasi inayovuta ioni, yaani chembe zenye chaji, kwenye sampuli) ya volti 50 unatoka laini, ukucha tu unaacha alama, na una ka-rangi ka njano. Nikapandisha mpaka 400, ukawa mgumu kweli na mweusi, ila nikifungulia hewa kwenye chemba dakika kumi haziishi unatoa mistari ya kujipindapinda kama njia za mchwa halafu unabanduka wenyewe. Ni uchafu au?

mzee_wa_plasma: Uchafu unachangia ila hiyo mistari ni mkazo, mkuu, yaani utando unajisukuma wenyewe kwa ndani. Ioni zikija na nguvu zinajipachika chini ya uso, atomi zinabanana, ndo unapata vile vifungo vya almasi, sasa ugumu na mkazo vinapanda pamoja huwezi kuchagua kimoja. Kwa volti 50 haidrojeni bado imejaa humo, ni kama plastiki tu. Unene?

kaboni_nyeusi: Kama maikromita 1.

mzee_wa_plasma: Ahaa ndo hapo! Nishati ya mkazo inaongezeka na unene, huohuo ukiuishia nanomita 200 unaweza ukashika vizuri tu. Halafu kabla ya methani piga plasma ya gesi ya agoni dakika kadhaa utoe oksaidi ya juu ya silikoni, kaboni ishikane na silikoni yenyewe.

kaboni_nyeusi: Na nikipasha sampuli joto wakati wa kuweka si mkazo utapungua?

ramani_tu: Utapungua ndio, na ugumu utaondoka nao, ukivuka nyuzi 200 hivi vifungo vya almasi vinageuka vya grafaiti. Watu wengi wanaingia huo mtego, wanafurahi utando haubanduki kumbe wameshatengeneza masizi ya bei ghali 😂 Piga Raman (kipimo cha leza kinachoonyesha aina ya vifungo vya kaboni), kilele cha G, cha grafaiti, kikisogea kuelekea 1580 cm⁻¹ na D, cha vurugu kwenye grafaiti, cha 1350 kikikua ujue ndo huko unaenda. Hata hiyo 400 mi naona umezidisha, jaribu 150 mpaka 250.

mzee_wa_plasma: Ila 400 ya presha gani? Presha ikiwa juu ioni zinagongana njiani zinafika zimechoka, volti kwenye mita sio nguvu inayofika kwenye sampuli.

kaboni_nyeusi: Duh, presha nilikuwa nabadilisha kila mara plasma ikigoma kuwaka, wala sikuandika. Narudia zote.