Naomba ushauri: uhaba wa chipu unamnufaisha nani hasa?

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa nikifuatilia ripoti za fedha za watengenezaji wa chipu na kuna jambo linanitatiza kweli.

Mwaka 2018 na 2019 viwanda vya Intel vya nanomita 14 (jina la kizazi cha teknolojia ya kutengeneza chipu) vilielemewa na oda. Kampuni ikatanguliza prosesa za seva na zile za bei ya juu, zenye faida nono, na za bei nafuu zikaadimika. Mshindani wake AMD ikapenya papo hapo. Ajabu ni kwamba mapato ya Intel ya 2019 yalifika dola bilioni 72, rekodi yake hadi wakati huo. Yaani unapoteza wateja huku hesabu zinapendeza! Hilo ndilo linaloniogopesha, maana anayesoma mapato peke yake haoni kitu.

Kwenye chipu za kumbukumbu, Samsung, SK Hynix na Micron ndio wenye soko. Mwaka 2023 mzigo ulijaa maghalani, bei zikaporomoka, SK Hynix na Micron wakapata hasara. Mahitaji ya akili mnemba yakawarudisha kwenye faida.

Sasa wenye uzoefu nisaidieni: nitatofautishaje faida ya uhaba wa muda na faida ya ushindani wa kweli? Nianzie kwenye bei ya wastani ya chipu, mzigo uliopo ghalani, au fedha zinazomwagwa kwenye viwanda vipya? Na kampuni zisizo na viwanda, zinazogombea nafasi TSMC (kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu za kampuni nyingine), nizipime kwa kigezo gani?